Noti za dharura za Ujerumani: mwongozo kamili wa kusoma Notgeld bila kudanganywa na sufuri

Kila baada ya muda mtu hunijia na bahasha. Ndani mna noti moja kuukuu ya Kijerumani, aliyoiacha marehemu babu aliyefanya kazi misheni au aliyoileta mjomba kutoka Hamburg, na swali huwa lile lile: "Imeandikwa Billion. Ni kweli nimetajirika?" Wengine huja wamekwisha kuiharibu. Noti imepigwa pasi, imebandikwa selotepu, au, nililoliona kwa macho yangu, imefanyiwa laminesheni stationari "isichakae".

Wote huanzia pasipofaa: kwenye namba. Notgeld, yaani fedha ya dharura, ni hati ya deni. Ilitolewa na mji, wilaya, kiwanda, benki ya akiba au shirika la reli, kati ya 1914 na 1924, pale ambapo fedha ya serikali kuu haikutosha. Basi isome kama mkopeshaji anavyosoma hati: nani anadaiwa, anadaiwa kiasi gani, tangu lini, mpaka lini. Ukifuata mpangilio huo, noti nyingi utazimaliza kwa nusu saa.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kioo cha kukuzia, cha mara 10 kinatosha.
- Taa ya zambarau ya kukagulia noti, kama ile ya kwenye maduka ya kubadilishia fedha. Ndogo ya betri inafaa.
- Rula yenye milimita.
- Simu yenye kamera na kamusi ya Kijerumani.
- Penseli laini na kadi ndogo za kuandikia.
- Mifuko ya plastiki ya polipropilini au poliesta iliyotengenezwa kwa ajili ya noti au stempu. Epuka PVC. Utaijua kwa harufu yake, ile ya pazia jipya la bafuni.
- Karatasi nyeupe isiyo na asidi, au angalau karatasi safi ya kutandika mezani.

Visivyotakiwa karibu na meza ni selotepu, gundi, pasi, kifutio, kalamu ya wino, chai na watoto wa jirani.

## Hatua ya 1: Piga picha kabla ya kugusa sana

Nawa mikono kwa sabuni, ikaushe kabisa, tandika karatasi safi, kisha weka noti juu yake. Glovu si lazima. Za pamba hunasa kwenye pembe zilizochanika na kuzidisha mpasuko.

Piga picha pande zote mbili karibu na dirisha, pasipo jua la moja kwa moja, na rula ikiwa pembeni. Halafu piga nyingine ukiwa umeishika noti mbele ya mwanga wa dirisha, ili alama ya maji, yaani mchoro uliofichwa ndani ya karatasi, ionekane.

Kuanzia hapo utaisoma picha, na noti yenyewe itapumzika. Karatasi ya 1923 mara nyingi ilikuwa duni, na kila unapoikunjua unaiongezea ufa kwenye mkunjo.

Onyo: usijaribu kunyoosha makunyanzi wala kufuta madoa. Mnunuzi anayejua kazi yake anapendelea noti chafu kuliko iliyooshwa.

Umefaulu ukiwa na picha tatu ambazo, ukizikuza kwenye simu, hata herufi ndogo za chini zinasomeka.

## Hatua ya 2: Hakikisha kwamba ni Notgeld kweli

Hapa ndipo wengi wanapokwama bila kujua. Katika noti za Kijerumani ninazoletewa, nyingi si Notgeld kabisa. Zipitishe kwenye vichujio hivi.

Imeandikwa "Reichsbanknote" au "Reichsbankdirektorium"? Hiyo ni noti ya benki kuu ya Berlin. Ile ya kahawia ya Mark 1,000 (Mark ndiyo fedha ya Ujerumani ya wakati ule) yenye tarehe 21 April 1910 imejaa duniani kama mchanga wa Coco Beach. Nyingine inayochanganya ni ya Mark 1,000 yenye tarehe 15 Desemba 1922, iliyopigwa juu yake kwa wino mwekundu maneno "Eine Milliarde Mark". Nayo ni ya benki kuu. Waliona ni haraka zaidi kugonga chapa juu ya noti ya zamani kuliko kuchora mpya.

Imeandikwa "Darlehnskassenschein"? Ni karatasi ya serikali kuu pia. Weka pembeni.

Kiasi kiko kwa "Heller" au "Kronen"? Hiyo huenda ni ya Austria, ambako miji na vijiji vilitoa noti ndogo za Heller kwa wingi mwaka 1920. Na ndiyo, ni Heller yuleyule aliyetuachia neno "hela". Katika Afrika Mashariki ya Wajerumani rupia 1 ilikuwa na heller 100.

Imeandikwa "Rupie" au "Rupien", na "Deutsch-Ostafrikanische Bank"? Simama hapo hapo, ukae. Hiyo ni noti ya kwetu. Koloni lilipozingirwa wakati wa Vita vya Kwanza, noti kutoka Ujerumani hazikufika, na kati ya 1915 na 1917 benki hiyo ikatoa noti za muda zilizoandikwa "Interims-Banknote", zilizochapwa hapahapa kwa vifaa vilivyopatikana. Tabora nayo ilitengeneza sarafu zake mwaka 1916, ikiwamo ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Nazo ni fedha za dharura, lakini wakusanyaji wake ni wengine na katalogi zake ni nyingine, kwa hiyo usiziuze katika fungu moja na noti za miji.

Iliyobaki, yenye jina la mji, wilaya, kampuni au reli, na kiasi cha Pfennig (senti za Mark), Mark, Goldmark (Mark yenye thamani ya dhahabu) au Dollar, ndiyo tunayoitafuta.

Umefaulu ukiwa umeweza kusema kwa sentensi moja kwa nini noti yako si ya benki kuu.

## Hatua ya 3: Zifungue herufi

Noti nyingi zimechapwa kwa Fraktur, herufi za zamani za Kijerumani zenye pembe na mikia. Mtu mmoja aliandika "Gutfchein" kwenye kamusi ya simu akaambiwa neno hilo halipo. Kamusi ilisema kweli. Neno ni "Gutschein", yaani hati ya malipo.

Mitego mikubwa ni hii:

- s ndefu (ſ) iliyo mwanzoni au katikati ya neno hufanana na f. Tazama kwa kioo: f ina kistari kinachovuka mpaka upande wa kulia, s ndefu haina.
- k hufanana na t au f. Ukisoma "Marf" au "Mart", ni "Mark".
- A na U kubwa hufanana, vivyo hivyo B na V, na N na R.
- I na J kubwa huwa na umbo moja.
- ß isome kama s mbili.

Ukikwama, tafuta kwanza maneno ambayo hayakosekani kwenye noti hizi, uyafanye ufunguo wako: *Mark*, *Stadt*, *Gutschein*, *Nr*. Ukishaijua k kutoka kwenye Mark, utaitambua popote itakapojitokeza kwenye jina la mji.

Usitegemee programu ya simu ya kutafsiri kwa picha peke yake. Mara nyingi huisoma Fraktur kwa kubahatisha, na inabahatisha kwa kujiamini kabisa. Iandike sentensi kwa mkono wako, herufi kwa herufi, ndipo uitafute maana.

Umefaulu ukiwa umeandika maandishi yote ya mbele kwa herufi za kawaida, na kila neno unalipata kwenye kamusi.

## Hatua ya 4: Mtafute mdaiwa

Sasa tunajibu swali la kwanza: nani ameahidi kulipa? Maneno ya kutafuta:

- Stadt ni mji, Gemeinde ni kijiji au kata inayojitawala, Kreis au Landkreis ni wilaya, Provinz ni jimbo.
- Stadtkasse au Stadthauptkasse ni ofisi ya mhasibu wa mji, dirisha lenyewe la kulipia.
- Sparkasse ni benki ya akiba. Handelskammer ni chemba ya biashara.
- Magistrat ni baraza la mji, Bürgermeister au Oberbürgermeister ni meya, Kreisausschuss ni kamati ya wilaya. Hawa ndio wenye sahihi chini.
- Reichsbahn ni shirika la reli, lililotoa noti nyingi sana mwaka 1923.

Usimchanganye mdaiwa na mchapaji. Jina dogo kabisa pembezoni, mara nyingi likiwa na neno "Druck", ni la kiwanda cha uchapaji. Nimeona noti ikiuzwa mtandaoni kama ya Leipzig kwa kuwa tu ilichapwa Leipzig, huku mji uliotoa uko juu kwa herufi za sentimita nzima.

Kisha hakikisha ni mji upi. Majina hurudiwa: kuna Frankfurt ya mto Main na Frankfurt ya mto Oder, na Neustadt hazina idadi. Ndiyo sababu huandikwa vifupisho kama "a. M.", "a. d. O." au "i. Th." (ya Thuringia). Usikiruke kifupisho hata kimoja.

Na usishangae ukiutafuta mji kwenye ramani ya leo ya Ujerumani ukaukosa. Breslau siku hizi ni Wrocław, Stettin ni Szczecin, zote za Poland, na Königsberg ni Kaliningrad ya Urusi.

Sahihi nyingi zilichapwa pamoja na noti. Sahihi inayong'aa kwa wino wa kalamu na kuacha mchubuko kwenye karatasi ni ya mkono, na hupatikana zaidi kwenye noti za mapema za 1914 au za vijiji vidogo.

Umefaulu ukiwa na majina mawili kwenye kadi: aliyetoa, na mahali penyewe pamoja na jimbo lake.

## Hatua ya 5: Soma kiasi, polepole

Hapa ndipo utajiri huzaliwa na kufa katika dakika moja.

Wajerumani huhesabu namba kubwa tofauti na sisi. Sisi tunatoka milioni kwenda bilioni kwenda trilioni. Wao wana ngazi ya ziada katikati:

- Million ni milioni, sufuri 6.
- Milliarde ni bilioni yetu, sufuri 9.
- Billion ni trilioni yetu, sufuri 12.
- Billiarde ni sufuri 15. Hutaikuta kwenye noti, lakini utaikuta kwenye hesabu za wakati ule.

Kwa hiyo "Eine Billion Mark" ni trilioni moja, na "Milliarde" si neno lililokosewa tahajia. Tafsiri nyingi za Kiswahili zinaharibikia hapa hapa.

Mtego wa pili ni nukta na koma. Wao huandika 1.000.000 kwa milioni moja, na koma yao ndiyo nukta yetu ya desimali. "4,20 Goldmark" ni Mark nne na Pfennig ishirini. Mtu mmoja aliniapia kwamba ni mia nne na ishirini.

Mtego wa tatu ni mpangilio wa maneno. Kijerumani hutaja mamoja kabla ya makumi: *fünfundzwanzig* ni "tano na ishirini", yaani 25, na *fünfundsiebzig* ni 75. Linganisha daima kiasi cha maneno na cha tarakimu. Visipolingana, kimoja umekisoma vibaya, au noti imegongwa chapa ya thamani mpya.

Chapa hizo zilikuwa jambo la kawaida. Mji ulikuwa na shehena ya noti za Mark laki moja, wiki mbili baadaye hazinunui mkate, basi wanagonga muhuri mwekundu wa milioni kadhaa juu yake. Thamani inayohesabika ni ya chapa ya mwisho. Andika zote mbili.

Tuchukue mfano wa kutunga, wenye maneno ya kawaida ya noti hizi:

*Gutschein über Zehn Milliarden Mark. Die Stadtkasse zahlt dem Einlieferer dieses Scheines… Der Magistrat. Den 26. Oktober 1923.*

Yaani: hati ya Mark bilioni kumi, mhasibu wa mji atamlipa atakayeileta hati hii, imetolewa na baraza la mji, tarehe 26 Oktoba 1923. Wastani wa dola moja mwezi huo ulikuwa Mark 25,260,208,000. Bilioni kumi, kwa wastani huo, haikufika hata nusu dola, na siku za mwisho za mwezi hali ilikuwa mbaya zaidi ya wastani.

Umefaulu ukiwa umeandika kiasi kwa Kiswahili na kwa sufuri zake zote, na umezihesabu mara mbili.

## Hatua ya 6: Ipe tarehe, hata kama haina

Majina ya miezi hayana shida: Januar, Februar, März, April, Mai, Juni, Juli, August, September, Oktober, November, Dezember. Siku hutangulia mwezi kama kwetu.

Angalia kwamba noti huweza kuwa na tarehe mbili. Ya kutolewa iko karibu na sahihi. Ya mwisho wa matumizi iko baada ya maneno *gültig bis* (inatumika hadi) au *verliert seine Gültigkeit* (inapoteza uhalali wake). Nyingine hazitaji siku. Husema tu zitakufa mwezi mmoja baada ya tangazo gazetini. Tarehe ya mwisho ikisomwa kama ya kutolewa, noti huhamia mwaka usio wake.

Isipokuwa na tarehe, thamani yenyewe ndiyo kalenda. Bei zilikimbia kiasi kwamba kila kundi la sufuri lina majira yake:

- Pfennig 5 hadi 50, karatasi ya kawaida isiyo na mbwembwe: zaidi 1917 hadi 1920, chenji ilipoadimika kwa sababu metali ilikwenda vitani.
- Mark 5, 10, 20, 50: mara nyingi vuli ya 1918.
- Pfennig 25, 50, 75 za rangi nyingi, zenye picha na mashairi: 1920 hadi 1922.
- Mark 100, 500, 1,000: vuli ya 1922.
- Laki moja hadi milioni kadhaa: Agosti 1923.
- Makumi na mamia ya milioni: Septemba na mwanzo wa Oktoba 1923.
- Milliarden: Oktoba na Novemba 1923.
- Billionen: Novemba 1923.
- Goldmark au sehemu za Dollar: mwisho wa Oktoba 1923 na kuendelea.

Ukitaka kuona kwa nini kalenda hii inafanya kazi, tazama dola. Januari 1923 ilikuwa wastani wa Mark 17,972. Julai 353,412. Agosti 4,620,455. Septemba 98,860,000. Katikati ya Novemba ilifika 4,200,000,000,000. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuchapa noti ya milioni moja mwezi Novemba. Karatasi ilikuwa ghali kuliko ahadi iliyoandikwa juu yake.

Zile za Goldmark zinastahili kutazamwa kwa utulivu. Zina viasi vya ajabu: 0,42, 1,05, 2,10 na 4,20. Siri yake ni kwamba dola moja ya kabla ya vita ilikuwa Mark 4.20, kwa hiyo hizo ni sehemu ya kumi ya dola, robo, nusu, na dola nzima. Mji uliacha kuahidi Mark za karatasi ukaahidi thamani ya dola. Mimi huzipenda kuliko za trilioni, na kwa kawaida ni adimu zaidi, kwa kuwa zilikuwa na thamani ya kweli na wenyewe walizirudisha dirishani wakalipwa.

Za rangi za 1920 hadi 1922 huitwa *Serienscheine*, noti za mfululizo. Miji iligundua kwamba wakusanyaji hununua na hawadai, ikachapa kwa ajili yao: Hameln na hadithi yake ya mpiga filimbi na panya, mji mwingine na kanisa lake, mwingine na mizaha. Nyingi hazikuwahi kununua kitu sokoni. Sheria ya 17 Julai 1922 iliufunga mchezo huo. Ukikuta moja, tafuta wenzake. Mfululizo kamili ndani ya bahasha yake ya asili una heshima ambayo noti moja moja hazina.

Umefaulu ukiwa na tarehe ya kutolewa, au mwezi unaoukadiria, na tarehe ya mwisho wa matumizi ikiwa ipo.

## Hatua ya 7: Halisi au nakala?

Zima taa, washa ile ya zambarau. Karatasi ya zama zile hubaki hafifu, ya manjano au kahawia iliyofifia. Karatasi ya kisasa hung'aa buluu nyeupe kama shati la shule chini ya taa za disko, kwa sababu viwanda vilianza kutia kemikali za kung'arisha baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Lakini ngoja kabla ya kuhukumu. Noti halisi iliyooshwa kwa sabuni ya unga nayo itang'aa, kwa kuwa sabuni ina kemikali hizo hizo. Mng'ao wa mabaka huelekeza kwenye sabuni. Ulioenea sawasawa huelekeza kwenye karatasi mpya.

Sasa kioo. Mashine za herufi za kukandamiza huacha mpaka wa wino uliojikusanya ukingoni mwa herufi, na kwa nyuma utahisi vijinundu. Printa ya nyumbani huacha vinukta vidogo vya rangi tatu nne vilivyotawanyika, hata ndani ya herufi nyeusi.

Tafuta pia maneno *Kopie*, *Nachdruck*, *Faksimile* au *Reproduktion*, ambayo hukiri nakala. *Muster* ni sampuli, na sampuli halisi huweza kuwa na wanunuzi wake.

Yafuatayo si dalili za ughushi, ingawa wengi hudhani hivyo:

- Upande wa nyuma mtupu. Mwaka 1923 mara nyingi hapakuwa na muda wa kuchapa pande mbili.
- Matundu yaliyopigwa kwa mashine, au neno *Entwertet* au *Ungültig*. Noti ilishalipwa ikafutwa. Ni kama stakabadhi iliyopigwa muhuri.
- Kutengenezwa kwa kitu kisicho karatasi. Benki ya akiba ya Bielefeld ilichapa kwenye hariri na kitani, Pößneck ilitumia ngozi, na Meissen ilitoa sarafu za porselini, ile ya vikombe vya chai.
- Muundo unaoonekana wa kisasa mno. Noti za milioni za Thuringia za Agosti 1923 zilisanifiwa na Herbert Bayer wa Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu ya Ujerumani, na ukizitazama leo utadhani ni bango la juzi.

Umefaulu ukiwa na dalili mbili zinazokubaliana. Dalili moja peke yake haitoshi kuhukumu noti, kwa upande wowote.

## Hatua ya 8: Pima hali, kisha ndipo useme bei

Wauzaji wa Ujerumani hutumia namba za Kirumi. I ni noti mpya kabisa, bila mkunjo. II imetumika kidogo, III imetumika na ina mikunjo kadhaa, IV imechoka. Kuwa mkali. Mkunjo mmoja wa katikati unaouona tu ukiinamisha noti kwenye mwanga tayari umeiondoa kwenye I.

Sasa lile swali la utajiri. Hakuna benki wala halmashauri itakayokulipa. Mark ya karatasi ilibadilishwa kwa kiwango cha trilioni moja kwa Rentenmark moja, yaani Mark mpya iliyoanza 15 Novemba 1923, na muda wa kudai miji ulikwisha zamani. Noti yako ya milioni tano, kwa kiwango hicho, ilikuwa Rentenmark 0.000005. Anayekwambia kuna "ofisi Ujerumani inayolipa", ukilipia kwanza ada ya uhakiki, anataka ada.

Kinachobaki ni bei ya wakusanyaji, na sufuri haziipandishi. Noti ya kawaida ya mji mkubwa huuzwa kwa mafungu, na moja moja mara nyingi haizidi sahani ya wali kwa mama ntilie. Kinachopandisha ni uadimu wa mtoaji, hali nzuri, nyenzo isiyo ya kawaida, na thamani thabiti kama zile za Goldmark. Ukiona muuzaji ameandika "Keller" na namba, anarejea katalogi za Arnold Keller, ambazo bado ndizo msingi wa kutambulisha toleo la 1923. Linganisha namba, herufi ndogo inayoifuata, na rangi ya tarakimu za noti; tofauti kati ya toleo la kawaida na adimu inaweza kuwa rangi hiyo tu. Na angalia bei zilizokwisha kulipwa kwenye minada. Bei inayoombwa ni matumaini ya muuzaji.

## Hatua ya 9: Andika kadi, kisha hifadhi

Kwa penseli, kwenye kadi, usiandike kwenye noti: mtoaji, mahali, kiasi, tarehe, mwisho wa matumizi, namba ya noti, vipimo kwa milimita, alama ya maji, hali, na ilikotoka. Hilo la mwisho usilidharau. "Kutoka sanduku la babu, misheni" ni habari ambayo noti yenyewe haitaisema kamwe.

Ingiza noti kwenye mfuko ikiwa imenyooka, kwa kuteleza, usiisukume kwa kona. Mfuko uwe mkubwa kuliko noti kwa milimita chache kila upande. Noti moja, mfuko mmoja. Ya hariri au ya ngozi usiibane kwenye albamu. Ilaze kwenye boksi juu ya karatasi isiyo na asidi.

Kwa wanaoishi pwani, adui ni unyevu, na wa pili ni mende wanaopenda gundi na wanga. Kabati la juu, mbali na ukuta wa nje na bafu, pamoja na vifuko vya silika vile vinavyokuja ndani ya boksi la viatu. Vifuko hivyo hushiba maji, hivyo vibadilishe mara tu masika yanapoanza. Kila baada ya miezi mitatu fungua boksi mchana, nusa, na tazama kingo: harufu ya ukungu au vidoa vipya vya kahawia maana yake noti zitolewe zote siku hiyo hiyo, zilazwe kivulini penye hewa kavu, na mifuko yake itupwe.